Mikataba mitatu ya silaha: kamati ya amani ya magharibi mwa Kenya ishike upi kwanza?

Katika mikutano ya dunia kuhusu silaha, Kenya si mgeni wa kukaa nyuma. Imeandika rasimu za maazimio, imeongoza vikao New York, imepokea wajumbe wa dunia nzima Gigiri, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Lakini kamati ya amani ya Kapenguria, Cheptais au Kisumu, ambayo wanachama wake ni wakulima, walimu, wachungaji wa makanisa na akina mama wa sokoni wasiolipwa hata nauli, ina swali lake: kati ya ahadi zote hizo, tufuatilie ipi kwanza? Tatu ndizo husikika zaidi: Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ndogo wa mwaka 2001, na Mkataba wa Biashara ya Silaha wa mwaka 2013. Mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi kazi moja, na kundi dogo likizikimbilia zote kwa pamoja litachoka kabla ya kuandika barua hata moja ya maana.

Nitazipima kwa kigezo kimoja. Ni ipi inayompa mwananchi uwezo wa kumwuliza ofisa anayejulikana kwa cheo chake swali ambalo analazimika kulijibu? Hotuba ya balozi ina uzito wake, na siidharau. Ila mama aliyezika mwanawe kwenye bonde la Kerio hana la kufanya na hotuba, isipokuwa hotuba hiyo iwe imeacha nyuma yake wajibu unaoweza kudaiwa hapa nyumbani.

Tuanze na bunduki yenyewe

Huwezi kuchagua mkataba kabla ya kujua ni bunduki gani inayokuumiza, na magharibi mwa Kenya bunduki hazifanani kwa asili.

Upande wa Pokot Magharibi, Turkana na Elgeyo Marakwet, historia yake inajulikana. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na bunduki zikaenea Karamoja hadi ng'ambo ya mpaka wetu. Vita vya Sudan vikaongeza nyingine. Juu ya hizo kuna bunduki za serikali yenyewe, walizopewa polisi wa akiba ili walinde mifugo na vijiji. Mwaka 2019 serikali ilizikusanya, na mwaka 2023 ikaanza tena kuajiri polisi wa akiba baada ya kutangaza kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwa maeneo hatari. Mlima Elgon nako, kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi ya Chebyuk uligeuka vita vya bunduki vya SLDF, kundi la wanamgambo wa Kisabaot, hadi jeshi likaingia Machi 2008 kwa Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha majeraha yake.

Kisumu habari ni tofauti kabisa. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Nyanza ilibeba sehemu kubwa ya vifo hivyo vya risasi, na wengi walipigwa na polisi. Bunduki hizo hazikupitishwa msituni usiku. Zilinunuliwa kihalali, zikaingia kihalali, zikatiwa mikononi mwa maofisa waliovaa sare.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi katika ulinganisho huu.

Itifaki ya Nairobi

Hii ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Ilitanguliwa na Azimio la Nairobi la Machi 2000, ambalo lilitiwa saini na nchi kumi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Tarehe 21 Aprili 2004 azimio hilo likapandishwa daraja kuwa itifaki, na Mei 2006 ikaanza kutumika kisheria. Kituo chake cha kikanda, RECSA, kiko Nairobi na kina nchi wanachama 15. Uganda imo. Sudan Kusini imo. Ethiopia na Somalia zimo. Ukichora njia ambazo bunduki hupitia hadi kufika Lodwar au Kitale, kila nchi ambayo kalamu yako itaigusa ni mwanachama.

Sasa tazama yaliyomo. Itifaki inakataza raia kumiliki bunduki za kivita. Inaitaka kila serikali itie alama bunduki zake zote, iweke rejista, ilinde maghala, na iharibu zile zinazokamatwa. Inagusa pia risasi, jambo ambalo mikataba mingine inalikwepa au kulitaja kwa kona. Kwa watu wa huku, hilo la risasi lina uzito wa pekee, kwa sababu bunduki isiyo na risasi ni rungu la chuma. Mhalifu anaweza kurithi bunduki ya 1979 kutoka kwa babu yake, lakini risasi hairithiwi hivyo. Ni lazima kuna mtu aliyemuuzia mwaka huu.

Hapo ndipo nguvu ya itifaki hii inapoonekana. Kenya imeiridhia, yaani imekubali rasmi kufungwa nayo, na ibara ya 2(6) ya Katiba inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo kamati ya amani inapomwandikia kamishna wa kaunti kuuliza kama bunduki za polisi wa akiba zimetiwa alama, haiombi hisani. Inauliza kuhusu sheria. Liko pia dawati la taifa la silaha ndogo, KNFP, chini ya wizara ya usalama wa ndani, ambalo kazi yake ni kuratibu utekelezaji wa ahadi hizi. Hata kamati iliyoko mbali kabisa na mji mkuu inajua barua yake inapaswa kutua kwenye meza ipi.

Matokeo yake yameonekana kwa macho. Novemba 2016 bunduki haramu 5,250 zilichomwa moto Ngong, na Juni 2021 zaidi ya 5,000 nyingine zikafuata. Wapo wanaosema huo ni moshi wa kupigwa picha tu. Mimi sikubaliani nao. Bunduki iliyochomwa haitarudi Kapedo. Kasoro ninayoiona iko kwingine: mwananchi wa kawaida hajui ni ngapi zilitoka kaunti yake, wala ni ngapi kati ya hizo zilikuwa na alama ya serikali. Hilo la pili ndilo lingetueleza kama ghala zetu zinavuja.

Udhaifu upo, na ni mkubwa. Itifaki haina mahakama yake. Nchi jirani isipotimiza, hakuna wa kuiadhibu. Hata nchi mbili wanachama zinaweza kwenda kila moja kwa mwendo wake: Uganda ilipofanya operesheni za kunyang'anya silaha Karamoja, jamii iliyobaki bila bunduki ilijikuta ikitazamana na jirani aliyebaki nazo. Septemba 2019 marais Kenyatta na Museveni walitia saini makubaliano Moroto kuhusu amani ya mpakani, lakini Mei 2023 Museveni alitoa amri akiwapa wafugaji wa Turkana walioko Uganda miezi sita wasalimishe silaha au waondoke. Itifaki ilikuwepo siku zote hizo, na bado haikutosha kuzifanya serikali mbili zipange siku moja ya kukusanya bunduki pande zote za mpaka. Kamati zetu zingepaswa kulidai hilo kwa sauti kubwa kuliko jambo lingine lolote.

Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa

Mpango huu ulipitishwa New York Julai 2001, na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimo. Upana huo ni faida, na ndio pia chanzo cha ulegevu wake. Si mkataba. Ni ahadi ya kisiasa. Hakuna aliyeuridhia na Katiba yetu haiwezi kuushika. Kwa desturi uamuzi hutafutwa kwa maafikiano, kwa hiyo nchi chache zikikaza shingo mkutano mzima unakwama. Mkutano wa mapitio wa mwaka 2006 ulimalizika bila hati yoyote ya mwisho. Risasi nazo kwa miaka mingi zilizua mvutano, kwa sababu baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, hazikutaka ziingizwe.

Kenya imefanya kazi ya heshima humo. Mwezi Julai 2021 kikao cha saba cha kila baada ya miaka miwili kiliongozwa na balozi wetu, Martin Kimani. Mwenyekiti wa kikao kama hicho ndiye anayeandika rasimu, anayezungumza faraghani na wajumbe wanaonuniana, anayejua ni neno gani likiondolewa maafikiano yatapatikana. Nchi isiyoheshimiwa haikabidhiwi kazi hiyo.

Kwa kamati ya kijijini, faida yake kubwa ni moja: ripoti. Kila baada ya miaka miwili serikali huombwa kueleza imefanya nini kuhusu alama, rejista, ulinzi wa maghala na uharibifu wa silaha, na ripoti hizo huwekwa wazi na Umoja wa Mataifa. Ichukue ripoti ya Kenya, isome kifungu kwa kifungu, ulinganishe na unachokiona Sigor au Chepareria. Serikali ikiwa imeiambia dunia kwamba bunduki zimetiwa alama, na wewe unajua polisi wa akiba wa kijijini kwenu ana bunduki isiyo na alama, umeshika jambo ambalo ofisa hawezi kulipuuza kirahisi.

Yapo pia makubaliano ya kufuatilia asili ya silaha yaliyopitishwa Desemba 2005, ambayo yanaiwezesha nchi iliyokamata bunduki kuuliza nchi iliyoitengeneza iliuzwa kwa nani. Nayo si sheria. Lakini nambari ya bunduki ikiandikwa vizuri siku ya kukamatwa, safari yake inaweza kufuatiliwa. Isipoandikwa, imepotea. Chifu na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, wakumbushwe hili kila bunduki inaposalimishwa: nambari kwanza, picha za magazeti baadaye.

Ama kwa upande wa kusafiri kwenda kuhudhuria vikao New York, sioni kwa nini kamati ya Kitale ihangaikie viza na tiketi. Nafasi ya mashirika ya kiraia kuzungumza pale ni finyu, na maneno ya saa moja hayabadilishi rasimu iliyokwisha kujadiliwa kwa miezi.

Mkataba wa Biashara ya Silaha

Huu unanigusa moyo zaidi, na kuuandika nyuma ya wengine kunaniuma.

Mwaka 2006 nchi saba ziliandika azimio lililofungua njia ya mkataba huu: Argentina, Australia, Costa Rica, Finland, Japani, Uingereza na Kenya. Sisi ndio pekee kutoka Afrika. Machi 2013 mazungumzo ya mwisho yalipofika ukingoni, Iran, Korea Kaskazini na Syria zikazuia maafikiano. Kenya ndiyo iliyosimama kwa niaba ya kundi la nchi kutaka maandishi yale yapelekwe Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yakapigiwe kura. Tarehe 2 Aprili 2013 yakapita kwa zaidi ya kura 150 dhidi ya tatu. Mkataba ukaanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014.

Hadi leo Kenya haijautia saini.

Mtu anayetaka kujua umbali uliopo kati ya diplomasia ya mikutanoni na wajibu wa nyumbani, aanzie hapo. Wajumbe wetu walifanya kazi ya miaka saba, kazi nzuri inayostahili sifa, na nchi yao ikabaki nje ya mlango waliousaidia kufunguliwa. Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia nazo hazimo. Tanzania ilitia saini lakini haijaridhia.

Mkataba wenyewe unataka nini? Kabla ya kuuza silaha nje, nchi mwanachama inapaswa kupima: je, kuna hatari kwamba zitatumika kuvunja haki za binadamu au sheria za vita? Zitatumika kwa ukatili dhidi ya wanawake na watoto? Zitageuzwa njia zifike kwa wasiokusudiwa? Ikijulikana kwamba zitatumika kwa mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu, ni marufuku kabisa kuziuza. Nchi inatoa ripoti ya mauzo na manunuzi kila mwaka, kufikia tarehe 31 Mei.

Kwa Pokot Magharibi msaada wake ni wa mbali. Hauzigusi bunduki ambazo tayari zimo msituni, na njia ya magendo haina ofisa wa forodha wa kujaza fomu. Ndiyo maana siwashauri watu wa Kapenguria wauanze kwanza. Lakini kwa Kisumu, ambako bunduki zilizoua zilikuwa za kihalali, huu ndio mkataba pekee kati ya mitatu unaouliza swali linalofaa: nani aliuza, na je, alipima alikokuwa akiuza? Tena wengi hawajui kwamba unaweza kutumika hata sasa, Kenya ikiwa bado nje. Wauzaji wakubwa kama Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na, tangu 2020, China, wamo. Wajibu wa kupima ni wao. Shirika la haki za binadamu la Kisumu lenye kumbukumbu nzuri za waliopigwa risasi linaweza kuwaandikia watoa vibali wa nchi hizo moja kwa moja. Kwa Marekani njia hiyo haipo, kwa kuwa ilitia saini 2013 lakini haikuridhia, na Aprili 2019 ikatangaza kujiondoa. Urusi haijawahi kutia saini.

Suala la bandari nalo lisisahaulike. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina ikiwa njiani kwenda Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ilisema ni mali ya jeshi la Kenya, huku mjadala ukiwaka kwamba mwenyewe alikuwa Sudan Kusini. Mkataba huu unagusa pia silaha zinazopita nchini kwenda kwingine. Kwa nchi yenye Mombasa, na yenye kiwanda cha risasi Eldoret, kuwa ndani kungemaanisha kujibu maswali ambayo mwaka ule hayakujibiwa sawasawa.

Kutia saini si kuridhia

Mfano wa mabomu unasaidia hapa. Kenya ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini Desemba 1997, ikauridhia 2001, na mwishoni mwa 2004 ikaandaa Nairobi mkutano wa kwanza wa mapitio. Mkataba wa mabomu ya mtawanyiko ulitiwa saini na Kenya Oslo, Desemba 2008, lakini kuridhia hakujafuata. Wa kwanza ni sheria yetu. Wa pili bado ni saini. Tangu 2012 tuna Sheria ya Kutunga na Kuridhia Mikataba, ambayo inataka baraza la mawaziri likubali, Bunge la Taifa lijadili, na wananchi washirikishwe. Maana yake ni kwamba mbunge wako wa Saboti, Sirisia au Kisumu Mashariki ana kazi katika jambo hili.

Basi uchague vipi

Kama kamati yenu iko Pokot Magharibi, Trans Nzoia, Mlima Elgon au mpakani mwa Elgeyo Marakwet, shikeni Itifaki ya Nairobi, na mtumie ripoti za Mpango wa New York kama ushahidi wa kando. Andikeni ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisa ana siku 21 za kujibu. Sheria inamruhusu kukataa kwa sababu za usalama wa taifa, kwa hiyo msiulize ghala liko wapi wala lina nini. Ulizeni idadi na utaratibu: polisi wa akiba wangapi wa kaunti hii wana bunduki zenye alama, risasi hukaguliwa mara ngapi na nani hutia sahihi, bunduki ngapi zilisalimishwa mwaka jana na ngapi zimeharibiwa. Mkikataliwa au mkinyamaziwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina tawi Kisumu.

Nakuru iko katikati, na ningeipeleka kwenye risasi. Kaunti ina kambi za jeshi Lanet na Gilgil, na Gilgil ndiko kwenye makao ya kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo. Desemba 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mfumo wa dunia wa kusimamia risasi tangu zinapotengenezwa hadi zinapotumika au kuharibiwa. Ni ahadi ya hiari, lakini ikiwekwa kando ya Itifaki ya Nairobi inatoa maswali mazuri ya kuuliza.

Kisumu, yenye mawakili, vyuo na mashirika yenye kumbukumbu, ichukue Mkataba wa Biashara ya Silaha. Ombi liende sehemu mbili. La kwanza kwa wizara ya mambo ya nje, ambayo tangu Oktoba 2023 imekuwa mikononi mwa Musalia Mudavadi, mwana wa Vihiga, likitaka maelezo ya maandishi kuhusu hatua zilizobaki kabla ya Kenya kujiunga. La pili kwa Bunge la Taifa, kwa haki ya kila mtu kuwasilisha ombi iliyo katika ibara ya 119, likitaka kamati ya ulinzi na mambo ya nje iite wizara ieleze msimamo wake hadharani. Ombi hilo la pili liambatanishwe na nakala ya azimio la 2006 lenye jina la Kenya kati ya walioliandika, na liwe na saini za watu wa kaunti zote: Migori, Bungoma, Kakamega, Nakuru. Wabunge husoma majina ya wadi zao kabla ya kusoma kitu kingine.